Mtu wa Jimbo la Ziwa

Asubuhi ile nilikuwa nimezama kisimani hadi mabegani, nachota maji kwa kibuyu na kumpa mdogo wangu, naye anamimina kwenye kihori cha ng'ombe. Kisima chenyewe tulikichimba mchangani, katikati ya mto. Kwetu Didia, wakati wa kiangazi, mto ni mahali pa kuchimba. Ng'ombe walikuwa wanasukumana kwa kiu, nami nikiwatukana mmoja mmoja kwa jina. Nilikuwa kijana wa maneno mengi.

Mjumbe wa mtemi alitukuta hapo hapo. Vijana walitakiwa kwa jeshi la Mwingereza, na katika nyumba yetu nilitajwa mimi. Mama alipiga yowe. Baba alichukua fimbo yangu akaendelea kuwanywesha ng'ombe.

Bomani Shinyanga karani hakuniuliza jimbo langu. Aliandika tu Jimbo la Ziwa, kwa kuwa wakati ule Serikali ilituweka sisi wa Shinyanga fungu moja na watu wa Mwanza na Bukoba. Sikuona ubaya wowote. Ziwa lenyewe nilikuwa sijaliona hata kwa mbali.

Meli, treni na malori vilinifikisha Burma wakati mvua zimeanza. Huko nikakabidhiwa kwa Koplo Mashauri. Alikuwa Mzinza aliyekulia ufukweni, upande wa Geita, akachimba dhahabu Nyarugusu kabla ya kuvaa sare, akapigana Uhabeshi. Sisi wageni tulimwogopa kwa sababu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Usiku wa kwanza nilitetemeka kwa baridi na woga, akanitupia blanketi lake.

"Na wewe, Afande?"

"Mimi nimeshazoea kulowa. Lala, mchunga ng'ombe. Na ufunge mdomo, Mjapani asije akadhani tunamkaribisha chakula."

Alinifundisha kukausha soksi kifuani, kulala na bunduki mkononi, kutofukuza mbu kwa kofi. Nilipougua tumbo alibeba mzigo wangu juu ya wake, akinidhihaki njia nzima kwamba Wasukuma ni wakubwa wa umbo tu. Nilimpenda mtu yule. Naandika hivyo wazi kwa sababu enzi zile sikuwa na neno la kumwambia.

Kisha ruhusa yake ya kwenda nyumbani ikatoka. Luteni wetu, Mzungu kijana, alimwondoa kwenye kazi za mbele. Alichobaki nacho ni kusubiri lori. Mashauri akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Alisema mkewe, Mama Kabula, hataki kuchomwa.

Tukafika kwenye mto. Ulikuwa mpana, mwekundu kwa udongo, unabeba miti mizima. Alitakiwa mtu mmoja aogelee na kamba kiunoni, aifunge ng'ambo, kisha sisi wengine tuvuke tukiishika. Luteni alipitia karatasi yake ya majina na majimbo yetu, akanitazama.

"Wewe Jimbo la Ziwa. Maji rafiki yako."

Nikamwambia sijui kuogelea. Akarudia, Jimbo la Ziwa. Nikamwambia kwetu hakuna ziwa, kuna mchanga. Akaona ninamdanganya kwa woga. Uso ukamwiva, akaniambia askari anayekataa amri mbele ya adui anajua kinachompata. Sikuwa na chuki naye, na leo sina, aliamini ramani. Lakini ulimi wangu, uliokuwa mwepesi hivyo, ulikauka.

Mashauri alikuwa amekaa juu ya begi lake, tayari kwa lori. Akainuka, akaanza kuvua viatu.

"Kijana ana homa, Bwana," alisema. "Nitakwenda mimi."

"Wewe una ruhusa."

"Lori halijafika."

Alipokuwa anafunga kamba nilimshika mkono. Nikamwambia kwa Kisukuma asiende, nitakufa mimi, basi.

"Ufe uniache na kazi ya kuwaeleza wazazi wako?" alisema. "Ng'wanawane, mwanangu, ngoja hapa. Nitakuvusha mwenyewe."

Aliingia majini kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Mkondo ulimteremsha mbali, lakini alifika. Tulimwona akiifunga kamba kwenye mti, akainua mkono.

Wenzangu wakaanza kuvuka. Zamu yangu ikafika.

Niliingia hadi kiunoni. Kamba ilikuwa mkononi, ardhi ikaanza kuniponyoka miguuni, na mwili ukagoma. Nyuma waliniita. Sikuweza kwenda wala kurudi.

Ng'ambo, Mashauri aliniona.

Angeweza kubaki kule kwenye mianzi, salama kabisa. Aliingia tena majini.

Alifika katikati.

Bunduki ya rashasha ikalia kutoka kilimani.

Kichwa chake kilizama, kikatokea mara moja, mbali chini, kikazama.

Wenzetu waliovuka waliinyamazisha ile rashasha. Mtu mmoja alinifunga kwenye kamba na kunivuta. Mwili tuliutafuta hadi tulipoamriwa kuondoka, hatukuupata.

Vita ilipokwisha nilirudi Didia, nikakaa siku chache, nikaenda Nyarugusu, nyumbani kwa Mashauri. Mama Kabula alinipokea kwa furaha iliyonitisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniwekea ugali na samaki, akaniuliza kundi linalofuata litarudi lini.

Nikamuuliza kama boma halikuleta habari.

"Tarishi alikuja," alisema. "Ati Mashauri amekufa maji. Nilicheka, mdogo wangu. Mashauri afe maji? Yule alijua kuogelea kabla hajaota meno. Wamemchanganya na mtu mwingine. Ndugu walitaka kuweka matanga, nikawafukuza."

Nilirudisha tonge sahanini. Ningeweza kula, kushukuru na kuondoka. Lakini mwanamke huyu angezeeka akitazama njia.

"Hakufa maji, dada," nilisema. "Ilikuwa risasi, akiwa katikati ya mto. Niliona kwa macho yangu."

Alikaa chini taratibu. Aliuliza kama mumewe alikuwa amefika ng'ambo.

"Alifika. Kamba ya kutuvusha aliifunga."

"Sasa majini alirudi kufanya nini?"

Nilimwambia alirudi kunichukua mimi.

Alinitazama, kuanzia miguuni hadi usoni, kama mtu anayepokea mali aliyoinunua kwa nusu ya ng'ombe wake. Halafu akapiga yowe, na majirani wakaanza kuja.

Nilikaa matanga hadi mwisho. Ndugu za Mashauri walininyoa kichwa pamoja nao. Mama Kabula mwenyewe hakunisemesha tena, na sikumlaumu.