Stima Ikipotea, Ni Mimi

Pale Uthiru nilipokuwa nikikaa, ploti nzima ya vyumba vya kupanga ilikuwa na mita moja ya stima, na mchawi wa hiyo mita nilikuwa mimi. Landilodi alikuwa ameweka stima ndani ya kodi, halafu akapiga marufuku pasi, heta za maji na koili, yale majiko ya stima ya waya unaogeuka mwekundu. Kazi ya kunusa milango ya watu akamwachia msimamizi wake. Swichi kubwa ilikuwa ukutani karibu na geti. Ikizidiwa inaruka, kote kunakuwa giza, na kabla mtu hajawasha hata tochi ya simu unasikia sauti kutoka nyumba za mbele: "Ni yule kijana wa gemu."

Kijana mwenyewe nina miaka zaidi ya thelathini. Nafanya kazi Westlands, kwenye ofisi ya kupokea simu za wateja wenye hasira, na nikitoka huko nataka kufunga mlango, nivae spika za masikio, niendeshe gari la uongo kwenye barabara isiyo na foleni. Basi. Silewi, sipigi muziki, sileti watu. Lakini nilikuwa na kompyuta yenye taa ndani, na kwa akili za watu wa ile ploti, kitu chenye taa za rangi ni lazima kiwe kinakula stima kama kiwanda.

Wala haikuwa kompyuta ya maana. Ilikuwa mashine ya ofisi, zile zinazoletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimeshatumika, nikaiongezea kadi ya picha ya bei ya chini ili iweze kubeba gemu. Taa nilibandika mwenyewe kwa ushamba wangu. Shida ilikuwa prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote. Ilikuwa ya kizamani na ilipata moto upesi, na ikishapata moto feni inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Ungeisikia hadi kwa bafu za nyuma. Ndiyo maana walinishika mimi.

Jumapili moja msimamizi alikuja kugonga mlango wangu kwa kiwiko, mikono mfukoni.

"Boss, landilodi amesema. Stima ikiruka tena, unahama."

"Na ikiruka nikiwa kazini?"

"Si unaiacha hiyo mashine yako ikiwaka."

"Nikitoka huwa naizima."

"Nani alikuona ukizima?" akasema, akaenda zake.

Nilikasirika, sifichi. Ile nyumba nilikuwa naitaka. Kabla yake nililala kwenye kochi la dada yangu kule Adams Arcade, katikati ya katuni za watoto wake na nguo za kuanikwa, mpaka nikaapa kwamba sitawahi tena kulala kwa kochi la mtu. Nyumba ya Uthiru ilikuwa chumba kimoja tu, lakini funguo ilikuwa yangu. Na sasa nifukuzwe kwa sababu ya feni?

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akinitetea, jirani yangu wa mkono wa kulia, mama aliyekuwa akiuza chapati na maharagwe asubuhi kando ya Waiyaki Way. Watu wakianza maneno anawaambia, "Wachaneni na kijana wa watu." Jioni nyingine ananiletea chapati mbili zimefungwa kwa gazeti. Nilimpenda yule mama, haki ya nani. Ningempigania.

Nikaamua kuitoa ile prosesa. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna nyingine inayoingia kwenye bodi ileile, yenye nguvu zaidi lakini imetengenezewa mashine ndogo za ofisi, kwa hivyo inakula stima kidogo na haipati moto sana. Nikaenda tauni, katikati ya jiji, kwenye majengo yale ya vibanda vya kompyuta, ghorofa juu ya ghorofa.

"Niaje boss. Unataka ya gemu?" muuzaji akaniuliza.

"Nataka ya kula stima kidogo."

Akacheka. "Kwani unaibia nani stima?"

Sikucheka. Akaniambia anayo, ningoje, akatoka mbio kwenda kuitafuta kwa kibanda cha mwenzake, akarudi nayo kwenye plastiki kana kwamba ameitoa stoo yake mwenyewe. Nikamwambia aiweke kwa mashine yake aiwashe nikiona.

"Kwani huniamini?"

"Sikuamini."

Alinuna, lakini aliiwasha. Ikafanya kazi. Nikalipa, tukaachana bila kuagana.

Jioni nikaifungua kompyuta yangu juu ya kitanda. Nikachomoa waya wa stima, nikaukunja nikauweka kwenye kiti. Nikatoa feni, nikapangusa ile dawa ya kupoza iliyokuwa imekauka kama matope, nikainua kile chuma kidogo, nikaitoa prosesa ya zamani. Nilikuwa nimeishika kiganjani nikiiangalia wakati stima ilipopotea.

"Ni yule kijana wa gemu."

Walikuja karibu wote. Msimamizi akapiga mlango hadi komeo likacheza. Nikafungua, nikamulika kitanda kwa simu ili kila mtu aone. Kompyuta imelala kwa ubavu, tumbo wazi, waya umekunjwa kwenye kiti.

"Hii hapa ndiyo roho yake," nikamwambia msimamizi, nikamsogezea ile chipu karibu na pua. "Sasa nieleze imekula stima ikiwa wapi."

Akarudi nyuma hatua moja. Na hapo ndipo nikasikia harufu. Vitunguu kutoka kwa huyu, maharagwe kutoka kwa yule, mafuta ya chapati kutoka mkono wa kulia. Msimamizi mwenyewe alikuwa amekuja mbio na mwiko mkononi, una ugali. Ploti nzima ilikuwa ikipika, na kwenye korido hakukuwa na jiko hata moja la makaa, wala sikuwahi kuona mtungi wa gesi ukiingia pale getini. Walitawanyika mmoja mmoja bila kuaga.

Niliifunga prosesa mpya kwa mwanga wa simu, nikiwa na uhakika kwamba kesho wataniomba msamaha. Bwege mimi.

Kesho yake walikuja wawili, mama wa chapati mbele na msimamizi nyuma yake. Mama alikuwa amebeba sahani kubwa kuliko siku zote.

"Kijana wangu, tumeongea," akasema. "Landilodi anakuja Jumamosi. Ameambiwa stima iliruka tena. Sisi tuko na watoto, na gesi hatuiwezi. Wewe uko peke yako, hata ukihamishwa utapata mahali. Sema tu ni mashine yako."

"Niseme ni mimi, na mliona kwa macho yenu si mimi?"

"Si watu wameshazoea ni wewe."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Nikamuuliza koili yake ni ya tangu lini. Akaangalia chini. Msimamizi ndiye aliyejibu kwamba mama alikuwa nayo hata kabla sijahamia. Kwa hivyo siku zote alizokuwa akinitetea, alikuwa akijua. Mori ulinipanda. Nikamrudishia sahani yake na chapati zake, nikafunga mlango.

Jumamosi landilodi alisimama katikati ya ua, akauliza ni nani anayemharibia stima. Macho yote yakanigeukia, na ya mama pia. Nikamwambia, "Mzee, karibu kwangu kwanza." Kompyuta ilikuwa imewaka, gari linakimbia kwenye skrini. Akainama, akaweka sikio.

"Imewaka hii?"

"Imewaka, mzee."

Feni haikusikika. Akashika ubavu wa mashine, akaukuta baridi. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Sijui nani anapika na nini, na si kazi yangu kujua. Weka kila mlango mita yake, kila mtu ajilipie." Landilodi alikuwa tayari anatingisha kichwa kukubali. Kodi hakuipunguza hata kidogo. Salamu zao kwangu ziliisha siku hiyohiyo.

Mita zilipofika, biashara ya chapati haikuweza kujilipia stima. Mama alikuwa wa kwanza kuhama. Alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni, akaja akasimama mlangoni kwangu, unga bado uko kwenye leso yake.

"Umefurahi sasa?"

"Nimefurahi," nikamwambia.

Alingoja kidogo, labda akidhani nitaongeza neno. Sikuongeza. Nilimwangalia mpaka mkokoteni ukatoka getini, na bado nilikuwa nimefurahi.