Rangi ya Kweli ya Ndege ya Chini

Mimi ni muoga. Nasema mapema ili mutu asinisifu bure. Wanawake wa Nyakasanza, mutaa wetu, wakiniona na pistole ya kupulizia rangi mukononi, niko napaka gari ya mutu, wanasema mama huyu ana moyo wa mwanaume. Wapi! Nilishika kazi hii sababu Baba alikuwa mupaka rangi na hakuwa na mutu mwingine wa kumuachia. Alikuwa na mutoto mwanaume mumoja, yaya yangu, ni kusema kaka mukubwa, na yaya alipotea.

Rangi moja tu ndiyo inaniogopesha: ile ya majani yaliyokomaa, rangi ya masoda, watu wa jeshi. Mu muji wetu kila rangi iko na mwenyewe. Ya majani ni ya jeshi, bluu ya giza ni ya polisi, nyeupe ni ya watu wa misaada na magari yao yenye antene ndefu. Raia hana ruhusa ya kuvaa wala kuweka kwake kitu chenye kufanana na cha jeshi, na hata mutoto mudogo anajua hii. Mimi pia nilijua. Na bado ni mimi niliyemununulia yaya koti ya mvua mu mitumba, wakati wa vita. Ilikuwa koti nzuri, nzito, yenye kofia yake, na rangi yake ilikuwa ya majani. Nikajiambia: koti ya mvua tu, nani ataiuliza?

Yaya akaivaa kwenda Aveba kutafuta maharagi. Wale waliotembea naye walirudi bila yeye. Walisema ku barieri moja, kizuizi cha njia, watu wenye bunduki walimuuliza koti ile alipewa na kikosi gani. Hawakusema zaidi, na siye hatukuuliza zaidi.

Kesho yake asubuhi Baba akavaa nguo yake ya kazi. Mama yuko chini analia, majirani wamejaa mu kiwanja, na yeye anatafuta burashi! Nikamufuata mpaka ku njia. "Baba, leo unaenda kupaka vitu vya nani?" Akajibu bila kugeuka: "Vya watu." Mangaribi akarudi na rangi nyeupe mpaka ku viwiko. Nilimuchukia siku ile. Nilimuchukia miaka mingi, hata wakati nilikuwa namupikia bugali na kumuchemushia dawa. Niliwaza muzee huyu hana machozi. Kiisha niliwaza kitu kibaya zaidi, kwamba ananyamaza sababu anajua ni nani alinunua koti. Alikufa bila kunigusia koti ile, na mimi sikumuuliza kitu juu ya rangi nyeupe.

Sasa, mwaka uliopita, Padiri wetu akaniita. Ni mutu wa Mahagi, mwenye kupenda vitu vya zamani kupita kiasi. Amejaza chumba kimoja cha parokia na mashini za kuandika, redio za betri kubwa, kengele za shule, na chumba hicho anakiita makumbusho. "Mama," akaniambia, "niko na ndege kwa ajili yako." Nikacheka. Akanipeleka mu depo ya zamani karibu na uwanja wa ndege, akavuta turubai, na kweli, ndege ilikuwa pale.

Ndege yenyewe haijaruka hata siku moja. Ni mashini ya kufundishia marubani, ya wakati wa Wabeleji: kisanduku cha mbao na kitambaa, mabawa mafupi, mukia mudogo, kiti kimoja, mulango mudogo wa pembeni. Chini yake kuna mifuko ya ngozi. Wakijaza upepo, kisanduku kinainama huku na huku kama kiko mu mawingu. Na juu kuna kifuniko. Rubani anafungiwa ndani mu giza, haoni inje, anajifunza kuruka kwa kutazama visaa vya vipimo tu. Wazee waliiita ndege ya chini. Miye nikajiuliza mutu gani mwenye akili anakubali kufungiwa humo.

Yote ilikuwa nyeupe, nyeupe chafu yenye kumenyuka. Padiri alitaka rangi ya kwanza.

"Simaanishi rangi nzuri, Mama. Nataka ya kweli. Watoto wetu waone vile ilikuwa."

Kutafuta rangi ya kwanza ni kazi ya subira. Unakwangua na karatasi ya musasa kidogo kidogo, rangi ya juu inaachia, ya chini inatokea. Lakini jua na muvua vinadanganya, kwa hiyo unatafuta pia mahali palipofunikwa tangu mwanzo. Nikafungua skuru nne za kibati kimoja karibu na kiti. Chini yake rangi ilikuwa safi, nzima, kama imepakwa juzi. Ilikuwa ya majani. Ilikuwa ile ile ya koti.

 Nikarudisha kibati haraka, nikakaza skuru zote nne.

"Umeona nini?" Padiri akauliza nyuma yangu.

"Bluu," nikasema.

Niliongopea padiri, asubuhi, rozari iko mu shingo yangu! Naye akachukua turnevisi, akafungua kibati mwenyewe, akatazama, akanitazama. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama macho yangu yako mazima, na hapo mimi ndiye niliyekasirika. Nikamuambia macho yangu yanaona vizuri kabisa, ndiyo maana sipake. Yeye ana kanzu, ku barieri wanamusalimia. Mimi nina nini? Siku wakipata kopo ya rangi ile mu nyumba yangu, nitawaambia ni ya makumbusho?

"Mama, ni mbao na kitambaa."

"Padiri, na koti ilikuwa kitambaa."

Akarudisha kibati mahali pake. Anajua habari ya yaya, muji muzima unajua. Kiisha akasema ataandika kwa komanda kuomba ruhusa, na kartasi itakuwa na kashe, muhuri ya jeshi. Nikajibu: bila kashe sifungui kopo hata moja. Akakubali, ila aliniomba nianze kutafuta muchanganyiko, kidogo tu, ku kipande cha ubao, ili kartasi ikifika tusipoteze wakati.

Rangi zangu zote ziko kwangu, Nyakasanza, kwa hiyo ilibidi nibebe mufano. Padiri akanipa kipande cha mbao kutoka chini ya kibati, kidogo kama biskuti. Weee! Kipande kile kilinilemea kuliko gunia ya simenti. Nikasimama ku soko, nikanunua sombe, fungu kubwa la majani mabichi ya muhogo, nikakificha katikati. Majani mu majani, nani ataona? Nikajiona mwenye akili.

Kumbe siku ile barieri ilikuwa imewekwa mahali ambapo haikuwa jana. Motari, mwenye piki niliyopanda, akapunguza mwendo, na mimi nikaanza kutoka jasho mu mugongo. Soda mumoja, kijana mwenye sura ya usingizi, akagusa mufuko wangu na fimbo.

"Ni nini?"

"Sombe."

"Ya nani?"

Swali gani hilo! Sombe iko ya nani? Lakini woga ulinitangulia, nikasema: "Ya masoda." Haki ya Mungu, ndivyo nilivyosema. Motari akageuka kunitazama. Kijana akafungua mufuko, akachukua nusu ya fungu, akasema aksanti mama, Mungu akubariki. Kipande kilibaki mu nusu yangu. Sijui nilifika kwangu namna gani. Nilijifungia mu choo mpaka mangaribi.

Nikachanganya rangi mu kiwanja, mulango umefungwa, mufano mu mukono wa kushoto. Jicho lilikuwa linajua kitu cha kufanya, ila mukono ulikatala. Kila nikikaribia rangi ile, mukono ulienda kwenye kopo ya bluu, unaongeza tone, kiisha tone lingine, ili isifanane sana. Siku tatu zikapita hivyo. Nikamupelekea Padiri ubao wangu. Akautoa inje ku jua, akauweka karibu na mufano, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, umekimbia jeshi ukaingia ku polisi!"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetengeneza bluu ya polisi, nzuri kabisa, bila kosa. Sikucheka. Nilitamani kumurushia ubao ule.

Kartasi ikafika juma lililofuata, na kashe mbili, moja nyekundu na moja bluu. Nikaisoma mara nne. Nikafanya kopi, moja mu sakoshi yangu ya mukononi, moja mu Biblia, moja nikashonea ndani ya kikwembe changu cha kuvaa. Kiisha nikarudi ku depo kumaliza kukwangua, maana nilikuwa nimebakiza mulango mudogo.

Hapa niseme jambo moja juu ya Baba. Kazi alinifundisha yeye, na sheria zake zilikuwa chache. Kwangua kwanza, pangusa vumbi, paka, ngoja. Ukitaka kujua kama imekauka, jaribu na kidole gumba mahali mutu hataona, mara moja tu. Akiona nimejaribu mara mbili alikuwa ananigonga ku kichwa na mupini wa burashi. "Weye muoga! Rangi haikimbizwe!" Na gumba yake ya kuume ilikuwa imekatwa zamani na kifuniko cha kopo, ikapona vibaya. Alama yake ilitoka vipande viwili, na mustari katikati.

Nilifungua mulango ule ili nikwangue upande wa ndani. Nyeupe ya pale ilikuwa mbaya, imepakwa juu ya vumbi, bila kukwangua, hata bua la ufagio limeshikwa ndani ya rangi. Nikatukana mupaka rangi yule, mwivi wa kazi. Kiisha mwangaza wa mulango wa depo ukapiga kwa pembeni, na nikaona alama za gumba. Ilikuwa gumba moja, yenye mustari katikati. Alama zilijaa kutoka juu mpaka chini, zingine zimezama, zingine zimeteleza. Nikahesabu kumi na tisa.

Nikakaa chini mu vumbi. Ndiyo pale alienda asubuhi ile. Watu wenye bunduki walikuwa wanazunguka kiwanja kwa kiwanja, mutoto wake ametoka kupotea sababu ya rangi, na karibu na uwanja wa ndege kulikuwa na ndege nzima ya rangi ile, na wakati ule walinzi wawili walikuwa wanalala mu depo ile na watoto wao; rangi ile ingewaponza wote. Vitu vya watu, alisema. Alipaka bila kukwangua, bila kupangusa, mutu ambaye alinigonga kwa vumbi kidogo tu. Kiisha akasimama pale anajaribu, anajaribu, mara kumi na tisa, kama imekauka, kama anaweza kwenda. Baba yangu alikuwa anaogopa. Kama mimi mu barieri. Nikalia mpaka mulinzi akaja kuuliza kama nimejikata.

Nilipaka ndege yote rangi ya majani, ya kweli, bila tone la bluu. Nilipaka na woga, kila gari ikipita inje pistole ilikuwa inasimama yenyewe. Upande wa ndani wa mulango sikuugusa. Padiri aliona, akauliza, nikamuambia acha. Akaacha.

Siku ya kufungua, ndege imekwisha kuhamishiwa parokia, chumba cha makumbusho kikajaa. Wanafunzi, masista, wamama wa soko. Komanda akaja na masoda wawili, maana kashe ilikuwa yake na Padiri alimualika. Nilikuwa nimejibanza ku ukuta, mukono juu ya sakoshi, juu ya kartasi. Komanda akazunguka ndege, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema rangi imepatikana sawasawa. Watu wakapiga makofi. Kiisha akataka kukaa ndani. Akafungua mulango mudogo, akaona ile nyeupe chafu.

"Nani aliacha uchafu huu?" Akatugeukia. "Mupaka rangi iko wapi?"

Padiri alifungua mudomo, lakini nilikuwa nimekwisha kusogea, sijui miguu ilipata wapi nguvu.

"Ni mimi, Komanda."

"Mama, kazi nzuri hivi, halafu hapa umesahau? Malizia."

"Hapana."

Sijapata kumuambia mutu wa bunduki neno lile mu maisha yangu. Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hakusikia, nikasema tena: "Hapana, Komanda. Hapo ni Baba yangu alipaka, wakati wa vita. Alama zile ni gumba yake. Alikuwa anajaribu kama imekauka."

Akainama. Nikamuona anapitisha macho kutoka juu mpaka chini, polepole.

"Mbona mingi hivi?"

"Alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nani?"

Nikatazama vifungo vya nguo yake. 

"Watu wenye kuvaa rangi hii," nikasema. "Mutoto wake walikuwa wamemukamata jana yake. Sababu ya koti. Koti nilinunua mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema maneno yale mbele ya watu.  Komanda alibaki ameinama, mukono ku mulango. Mwisho akauliza, sauti ya chini, kama anauliza mugonjwa:

"Na ilikauka?"

"Ilikauka, Komanda."

Akarudisha mulango, akaufunga bila kelele. Hakuingia kukaa. Akamusalimia Padiri, akanisalimia mimi, akaenda na watu wake.

Watu walipotoka wote kunywa sukari, vinywaji vitamu vya chupa, nikabaki peke yangu na ndege ya chini. Nikainama chini ya bawa, mahali mutu hataona, nikajaribu na gumba. Rangi ilikuwa na juma mbili tangu nimalize, imekauka kama jiwe. Inje gari nzito ikapita, sikujua ya nani, na nikajaribu tena.