Kiroba Chenye Uzi Mwekundu

Mimi ni mchungaji hapa Gongoni, Tabora mjini, na hakuna kinachonichefua kama mtu kumtolea Mungu makombo. Hata leo nachefukwa, ingawa sina tena uso wa kusema.

Jumapili ya mavuno, kati ya matoleo yaliyopangwa madhabahuni, nikaona kiroba kinavuja unga wa dumuzi, wale wadudu watoboao mahindi. Nikakichana ubavuni: mahindi yote matobo matupu. Damu ikanichemka. Nikaacha mahubiri niliyoandaa, nikakinyanyua kiroba mbele ya kanisa zima.

"Haya hata kuku wangu hawali!" nikafoka. "Aliyeyaleta asimame tumwone!"

Mke wangu, benchi la mbele, akanitikisia kichwa kwa nguvu. Nikadhani ananisikitikia kwa jasho lililokuwa likinitoka, nikazidi kupaza sauti: "Huyu mtu ana roho gani?"

Akasimama mgeni wetu, Mchungaji Elia wa Ntalikwa, rafiki yangu tangu chuo cha uchungaji.

"Ni mimi, ndugu yangu," akasema taratibu. "Mwaka huu shamba limeninyima, nikaona haya kuja mikono mitupu. Nimeleta yale uliyonitumia kwenye msiba wa mama. Sikuwahi hata kuyafungua."

Nikakitazama kiroba. Mdomo wake ulishonwa kwa uzi mwekundu wa mke wangu, aliyeniuliza siku ile kama kweli tupeleke msibani mahindi yenye dumuzi, nami nikamjibu kwamba wafiwa hawatayakagua.