Mvua ya Msambweni

Karatasi za mtihani zilikuwa zimepangwa mezani kabla hatujafika. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, aliitikia shikamoo zetu na kutuonyesha viti. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa tumetoka Ukunda asubuhi ile tukijua kwamba shule yake, hapo Msambweni, ndiyo pekee iliyokubali kuijaribu programu yetu ya masomo ya Gredi ya Nne kwenye vishikwambi. Ikitukataa, basi. Nilikuwa nimeacha kazi ya kudumu ya ualimu kwa ajili ya programu hiyo. Mdogo wangu aliiunda, mimi nikayapanga masomo.

Na niliyapanga kwa kichwa changu. Kila mwalimu nchini hujaza azimio la kazi wiki kwa wiki akifuata mtaala mmoja, na azimio hilo liliweka mmomonyoko wa udongo muhula wa kwanza. Miaka yote niliyofundisha, jambo hilo lilinikera. Januari huku kwetu ni jua tupu. Unamwonyesha mtoto picha ya korongo lililochimbwa na maji kitabuni, anakukodolea macho. Mvua kubwa huja muhula wa pili, maji yakachimba njia mbele ya lango la shule, kila mtu akaona. Kwa hiyo nikalisogeza somo mpaka Mei. Mdogo wangu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimjibu kwamba mwalimu ni mimi.

Mtihani wa pamoja wa mwisho wa muhula wa kwanza haukukijua kichwa changu. Ulifuata mtaala.

"Swali la saba," mwalimu mkuu akasema. "Taja njia mbili za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Darasa zima wameacha wazi."

"Tungelifundisha Mei, mwalimu," nikasema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mvua ikinyesha, wajionee wenyewe."

"Mvua ya wapi?"

"Ya hapa."

Alichomoa karatasi moja, akaisukuma mbele yangu. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mviringo, na chini ya swali la saba palikuwa peupe.

"Huyu binti babake amepata kazi Taru, kule nyikani kukavu. Wamehama likizo hii. Kule somo hili wamekwisha kulisoma. Hapa kwako alikuwa hajalifikia. Haya niambie, mwalimu wangu, atalisoma lini?"

Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Miaka nenda miaka rudi nilikuwa nikiwalaumu watu wa Nairobi kwa kutupangia masomo bila kuitazama mvua yetu. Sasa mtoto wa Taru nilikuwa nimempangia mvua ya Msambweni. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Mdogo wangu ndiye aliyetuokoa. "Mama, tupe mpaka siku ya kufungua shule. Kila somo litarudi mahali pake. Na hawa waliobaki, wiki ya kwanza watafundishwa hilo walilokosa."

"Siku hiyo nitakagua mwenyewe," mwalimu mkuu akasema. "Nikikuta moja limeruka, vishikwambi vyenu mtaondoka navyo."

Likizo nzima tulipangua na kupanga. Mdogo wangu alifurahi, tena waziwazi. Alisema masomo yakifuata mtaala, shule yoyote nchini inaweza kutumia programu yetu bila kubadilisha kitu. Nilimwambia anyamaze afanye kazi.

Siku ya kufungua, mwalimu mkuu aliweka mtaala upande huu na kishikwambi upande ule, akashuka na rula mstari kwa mstari. Kila rula iliposimama, nami nilisimamisha pumzi. Mara moja alirudi nyuma mistari mitatu, akasoma upya, shati likaniganda mgongoni. Ilikaribia adhuhuri alipoiweka rula chini.

"Haya. Endeleeni."

Mdogo wangu alinifinya mkono chini ya meza. Mimi nilimwomba mwalimu mkuu jambo moja: ampigie babake yule binti, amwombe ruhusa nimtumie mwanawe somo la mmomonyoko kwenye simu yake. Alipiga papo hapo. Nililituma kama nilivyolitunga, somo nililolipenda kuliko yote, bila kulisoma tena. Linaanza kwa kumwambia mtoto atoke nje, ayafuate maji ya mvua yanakopita, aandike yamebeba nini.

Wiki ikapita. Msambweni mvua ilikuwa imeshika, na njia ya langoni ilikuwa imechimbika vizuri kabisa. Ndipo ujumbe wa yule baba ulipoingia.

"Asante sana mwalimu. Kila siku anatoka na daftari lake. Huku bado hakujanyesha."