Somo la Barafu la Mwalimu Verna

Saa mbili na nusu asubuhi, jua bado halijachomoza Kaskatin, kaskazini mwa jimbo la Manitoba, Kanada. Verna Bighetty anakung'uta theluji viatuni, anawasha projekta, kisha anapulizia viganja pumzi. Ukuta wa darasa unageuka ziwa.

Wanafunzi kumi na tisa wa kidato cha tatu wanaingia, kila mmoja anachukua kishikwambi. Saba kati ya hivyo vina vioo vilivyopasuka.

Hakuna anayenyoosha mkono. Hapa mtu hajitangulizi mbele ya wenzake, na Verna, mwenye umri wa miaka 41, mzaliwa wa hapahapa, hawalazimishi. Wanajibu kwenye vishikwambi, na kila jibu linatokea ukutani kama nukta isiyo na jina.

"Miaka minane nilifundisha kwa chaki, nauliza, wananitazama tu," ananiambia. "Siku ya kwanza ya nukta niliona kumbe wamejaa mawazo. Nilikwenda stoo nikalia kidogo."

Kabla ya nukta, walifaulu hisabati wanafunzi watatu kati ya kumi na wanne. Mwaka jana, katika idadi ileile, walifaulu kumi na mmoja.

Lakini leo ni Ijumaa, na ofisi ya elimu imesema hisabati ya kidato cha nne itafundishwa hapa ikiwa tu watajiandikisha wanafunzi kumi kufikia leo mchana. Wasipotimia, wanaoitaka watahamia mjini, mwendo wa saa tano, wakalale kwa watu wasiowajua. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ina majina tisa.

Wiki iliyopita Verna aliwaonyesha ziwa hilihili, akauliza lori litakwenda kilomita ngapi hadi ng'ambo. Nukta zote zilisema hamsini. Mashine ikazipaka zote rangi nyekundu, kwa sababu jibu aliloliweka yeye lilikuwa sabini, kwa kuzunguka ufukweni.

"Anti, lori lizunguke ili iweje na ziwa limeganda?" alidakia Tyson Dysart. "Umekuwa mgeni lini?"

Darasa zima lilivunjika mbavu.

"Swali nililitunga Agosti, maji yakiwa wazi," Verna anakiri, akicheka bado. "Mimi, niliyelelewa kwa samaki wa chini ya barafu!"

Ndiyo maana leo kuna kitelezi ukutani. Ukikisogeza, barafu inazidi unene, na grafu inaonyesha uzito inaoweza kuubeba.

"Sentimita thelathini inabeba kilo elfu tatu na mia sita," anasema. "Sitini je?"

Nukta kumi na nane zinaangukia elfu saba na mia mbili. Moja iko juu, peke yake: elfu kumi na nne na mia nne.

"Huyo anataka kutuzamisha!" Tyson anacheka.

Kisha Deanna Colomb, ambaye baba yake hupima unene wa barabara ya barafu inayokatiza ziwa, anasema huku macho yakiwa mezani, "Ni mimi. Unene ukiwa mara mbili, uzito unakuwa mara nne. Baba ana jedwali garini. Wewe Tyson, kwa jibu lako, ungezuia malori ya mafuta ng'ambo, tugande wote."

Verna anasogeza kitelezi. Mstari unajipinda kuelekea juu na kupita katikati kabisa ya nukta ya Deanna. Wenzake wanapiga meza, Tyson akiwa wa kwanza.

"Nilishamwambia bibi, hesabu mwisho mwaka huu," Deanna ananiambia baadaye, kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni za watu wanaojua kuongea."

Kengele inapolia, anasimama mlangoni na kalamu. Anaandika jina lake chini ya yale tisa, kwa herufi ndogo, kisha anaondoka bila kugeuka.

Verna anaibandua karatasi taratibu aipeleke ofisini. Jumatatu baba yake Deanna atakuja na keekee yake, darasa likatoboe barafu na kuipima lenyewe. Mwaka ujao Verna anataka kila swali la kidato cha nne litokane na vipimo vyao.

"Na maswali nitayatunga Januari," anasema. "Wao wakinisahihisha."