Mwaka Ambao Kocha Isogai Alipigiwa Makofi

Tuseme ukweli mapema tumalize. Msimu ule Korongo wa Nakamachi, timu ya mtaa wetu huku Japani, walicheza besiboli kama timu iliyonunuliwa na wapinzani wake. Walifungwa na wauza nyama wa ng'ambo ya mto Tone, wakafungwa na walimu wastaafu, wakafungwa na timu ya hekalu, ambayo mrushaji wake alikuwa mtawa mnene mwenye miwani aliyekuwa akiwaomba radhi kila alipowatoa mchezoni. Mechi moja tu ilielekea kuwa ya ushindi. Siku hiyo basi la wapinzani liliharibika njiani, mwamuzi akatazama saa yake, akatangaza kwamba Korongo wameshinda bila kucheza. Kocha wao akavua kofia na kusema kwamba si adabu kuwashinda watu waliopatwa na shida. Wakasubiri. Wapinzani wakafika, wakapewa chai ya shayiri iliyopozwa, wakashukuru sana, kisha wakawatandika.

Kocha huyo ni kinyozi Isogai, yule wa duka la mwisho mtaani, penye nguzo ya rangi tatu, alama ya vinyozi, inayozunguka mchana kutwa. Ni mtu mwembamba, msafi, na adabu yake inachosha. Tangu azaliwe hakuna aliyemsikia akisema anataka kitu. Alipokwenda kumposa Fumie, alimwambia baba wa binti kwamba ikiwa haitaisumbua familia, yeye angeshukuru sana kufikiriwa, na mzee wa watu akadhani kijana amekuja kuomba kazi dukani. Ilibidi Fumie apaze sauti kutoka nyuma ya mlango kueleza kilichomleta. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yao, bibi harusi alimtengea bwana wake wali moto na soya zilizochachushwa, zile zinazovuta nyuzi kama ulimbo na kunuka kama soksi. Isogai akatia mdomoni, akafumba macho, akasema tamu sana. Tangu siku ile mpaka binti yao Kaoru akakua, akaolewa, akahamia Sendai, hakukupambazuka bila soya mezani. Yeye alikula amefumba macho, na mkewe, mbele yake, alikula zake polepole akisema zinasafisha damu. Ukimwuliza Isogai anataka kula nini, jibu lake lilikuwa moja: chochote tu.

Kitu alichokitaka hasa, na mtaa mzima tulikijua ingawa hakukisema, ni timu. Kila Jumapili alitangulia uwanjani kando ya mto kabla ya jua, akachora mistari kwa chokaa, akaokota mawe, akainama kuusalimu uwanja kama mtu anayemsalimu mkwewe. Dukani alikuwa kinyozi mwenye wateja wazee wenye nywele chache, lakini pale mtoni aliitwa Kocha. Mnyang'anye jina hilo, abaki na mkasi na vioo.

Sasa, kwetu msimu hauishi kwa mechi ya mwisho. Unaishia kwenye kikao cha majuto, Jumapili mchana, kwa Mama Setsu muuza tambi. Watu wanavua viatu, wanakaa kwenye mikeka, na mmoja mmoja anasimama kubeba lawama. Sharti ni moja tu: usiguse kosa la mwenzako. Unasema lako, na unalinenepesha kadiri uwezavyo. Mwishoni anasimama kocha, anajitwika yote, anasema anaachia ngazi. Hapo wachezaji wanapiga kelele hapana, Ogiso muuza tofu anapiga meza kwa ngumi na kulengwalengwa na machozi, kocha anakataa, anabembelezwa, anakataa tena, halafu anakubali kwa shingo upande. Bia inamiminwa. Hivyo ndivyo Isogai alivyojiuzulu kila mwaka tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Alijiuzulu vizuri kwa sababu alifanya mazoezi. Wiki nzima kabla ya kikao alisimama mbele ya vioo vya dukani akijihutubia, mteja amefunikwa taulo la moto usoni hajui kama anasemeshwa yeye. Fumie alikunja mataulo nyuma yake na kusikia kila neno. Mwaka ule mumewe aliongeza sauti kukatika katikati ya sentensi, kama mtu aliyekabwa na kilio. Aliijaribu mara nyingi hadi ikakatika pazuri. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu. Msimu ulikuwa mbaya kupita yote, na alilala akijiuliza kama safari hii watambembeleza kwa moyo au kwa mazoea tu.

Kikao kilianza vizuri. Ogiso, ambaye ndiye mrushaji, alisimama akausuta mkono wake wa kulia mbele za watu kana kwamba ni mtoto mtundu. Kuwabara muuza viatu akasema hapana, aliyeiangamiza timu ni yeye, aliyeangusha mpira ambao hata bibi yake marehemu angeudaka. Ogiso hakukubali kupitwa. Akasimama tena na kudai kwamba hata mvua iliyowaharibia mechi ya Juni ilikuwa kosa lake, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameosha gari. Mama Setsu akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, akaomba asamehewe kwa mchuzi wake wenye chumvi nyingi, uliowatia watu kiu uwanjani. Ilikuwa raha tupu. Timu ambayo haikuweza kugonga mpira ilikuwa inashindana kwa ari kuu.

Ndipo zamu ikamfikia Edson Higa, mdakaji. Edson alizaliwa São Paulo kwa wazazi wenye asili ya Okinawa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na aliingia timuni majira ya kuchipua. Ni pande la mtu, mikono kama sahani za kupakulia, na hucheka kabla utani haujaisha. Hiki kilikuwa kikao chake cha kwanza.

"Mimi nimedaka vizuri," alisema. "Nimegonga vizuri pia. Na nimewapenda. Basi."

Akakaa, akachukua paja la kuku. Wote wakatazama meza. Alichosema kilikuwa kweli tupu, na hilo ndilo lililowaudhi.

Isogai akasimama kuokoa hali. Akaweka mikono kwenye mapaja, akashukuru, akajilaumu kwa mpangilio, kwa mazoezi, kwa lile basi. Sauti ikakatika pale pale ilipopangiwa kukatika.

"Ndugu zangu, makosa yote ni yangu," alisema. "Naomba niachie ngazi."

Akainama mpaka akawa anaona nyuzi za mkeka, akasubiri ngumi ya Ogiso mezani. Lakini Ogiso alikuwa na ngisi mdomoni, na ngisi wa Mama Setsu hatafuniki upesi. Edson akawahi.

"Asante sana, Kocha," alisema kwa sauti ya furaha. "Umetufanyia kazi kubwa. Sasa nenda ukapumzike."

Na akapiga makofi.

Mtu wa kwetu hamwachi mwenzake apige makofi peke yake, ni kumvunjia heshima. Kuwabara akapiga mawili matatu ya kumsitiri. Aliyekaa karibu naye akaona Kuwabara anapiga, naye akapiga. Mama Setsu akapiga kwa mwiko kwenye kiganja. Ogiso alipofanikiwa kummeza ngisi wake alikuta mkutano mzima unashangilia, akaogopa kuonekana ana kinyongo, akapiga kwa nguvu kuliko wote. Isogai, bado ameinama, akasikia anastaafishwa kwa heshima zote.

Alipoinua kichwa alikuwa anatabasamu. Angefanya nini kingine? Lakini moyo ulimuuma kweli, uliuma kama wa mtu aliyetoka nje mara moja akarudi na kukuta mlango umefungwa. Akakaa, akanywa maji.

Wenzake nao walikuwa wamepigwa butwaa kwa walichokifanya, ila hakuna aliyejua pa kukitengua. Kusema hapana wakati ule kungekuwa kumwambia Edson amekosa adabu, na kujiambia wenyewe kwamba wamepiga makofi kijinga. Kwa hiyo wakafanya wanavyofanya watu waungwana waliopotea njia: wakaendelea mbele. Kuwabara akapendekeza Ogiso awe kocha. Ogiso akaanguka kifudifudi mkekani kusema hastahili, akampendekeza Kuwabara. Kuwabara akashika kiuno kilichokuwa kizima asubuhi. Cheo kikazunguka meza yote kama kikombe chenye nzi, kila mmoja akikisukuma kwa maneno matamu. Mwisho mtu akanong'ona kwamba labda timu ipumzike mwaka mmoja. Isogai aliposikia hivyo roho ilimruka. Vitu vingi vya mtaa wetu vilianza kwa kupumzika mwaka mmoja, vikaenda moja kwa moja.

"Jamani, mbona mnasukumana?" Edson akauliza. "Si rahisi tu. Anayeitaka hii kazi ainue mkono."

Hakuna aliyewahi kuuliza swali kama hilo kwa Mama Setsu. Kutaka, mbele za watu, kwa mkono juu! Wote wakainamisha macho. Isogai naye aliinamisha yake. Halafu akahisi kuna mkono hewani, akatazama ni wa nani mwenye uso mkavu hivyo, akakuta umetoka kwenye bega lake.

"Unataka nini, Kocha?" Edson akamwuliza. "Sema tusikie."

"Kama haitawasumbua..." Isogai akaanza, kisha akayaacha, akaanza upya. "Naitaka timu yangu. Sitaki kupumzika. Na mwakani basi la watu likiharibika, liharibike."

Hapo ndipo ngumi ya Ogiso ilipofika, imechelewa lakini imeiva, ikamwaga mchuzi wa soya mpaka kwenye viatu vya watu mlangoni. Alilia, na safari hii hakuwa anaigiza. Kuwabara akasahau kiuno chake akaruka. Mama Setsu akaleta bia bila kuagizwa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kikao hicho, kocha hakubembelezwa wala hakukataa.

Jumanne Edson akaja dukani kunyolewa ndevu. Isogai alimlaza kwenye kiti, akampaka povu, akaanza kunoa wembe. Fumie akatokea nyuma amebeba mtungi wa figili za kuloweka kwa chumvi, akauweka mapajani mwa Edson, akasema, "Kama tulivyokubaliana," na kurudi ndani haraka kuliko alivyokuja.

Wembe ukasimama.

"Mlikubaliana nini?" Isogai akauliza kwa upole, akiuweka juu ya koo la mteja wake.

Edson akakodolea macho dari. "Kocha, ushike vizuri huo."

"Nimeushika vizuri."

"Mkeo alisema, ukisema unaondoka, mimi nishukuru tu na nipige makofi. Nikamwuliza, je, akiondoka kweli? Akasema huondoki ng'o. Akasema amekusikiliza maisha yake yote ukisema usichokitaka, na anataka akusikie ukitaka kitu kabla hajafa. Ile ya mkono nilibuni mwenyewe."

Isogai akamnyoa shavu moja. Masikio yalimwaka moto. Alikumbuka mazoezi yote mbele ya kioo, ile sauti inayokatika, na nyuma yake mwanamke anayekunja mataulo kwa utulivu wa malaika. Alikasirika kweli. Alikasirika mpaka alipojiona kwenye kioo, akaona mdomo wake hautaki kukaa sawa, unavutwa na kicheko.

Sauti ya Fumie ikatoka jikoni, nyororo, isiyojua lolote. "Baba Kaoru, kesho asubuhi nikuandalie nini?"

"Chochote t..." akasema, kwa kuwa ulimi una mazoea yake. Akaweka wembe chini. "Samaki. Wa chumvi, wa kuchoma. Na zile soya sizitaki. Sijawahi kuzipenda, Fumie. Tangu asubuhi ile ya kwanza."

Bomba la maji likafungwa. Pazia likasogea, na Fumie akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akamtazama mumewe kupitia kioo.

"Hata mimi," akasema. "Zinanuka. Nilikuwa nakula kwa sababu wewe ulisema tamu."

Wakabaki wanatazamana, wazee wawili waliokuwa wamekula pamoja, asubuhi baada ya asubuhi, kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Fumie ndiye aliyeanza kucheka, akalazimika kushika nguzo ya mlango. Edson, upande mmoja wa uso umenyolewa na mwingine una povu, akauliza kama kuna soya zozote zimebaki kwenye friji, maana yeye anazipenda.