Pampu Iliyoamriwa na Wawili

"Mama Lameck, hivi huyo binti uliyempangisha chumba cha uani anagombana na nani kutwa nzima?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Emiliana, tumekaa hapa Chang'ombe, Dodoma, tunachambua mlenda. Nikamwambia anagombana na kompyuta.

"Kama mke mwenza?"

"Kama mke mwenza."

"Na nani anashinda?"

"Leo kompyuta," nikasema, maana asubuhi ile Naima alinipa shikamoo bila kuinua uso, na kwake hiyo si dalili njema.

Naima ni Mrangi wa Busi, ana miaka thelathini na miwili. Alikuja mjini hapa kusoma chuo, akabaki. Yeye anaswali chumbani kwake, mimi naomba kwangu, na Mungu hajawahi kulalamika kwamba tunampigia kelele. Kazi yake ni kuandika programu, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata. Yeye na wenzake wawili wanatengeneza visanduku vya kuendesha pampu za maji vijijini. Kisanduku kinawasha pampu saa ikifika, na tenki likijaa kinaizima.

Siku zile alikuwa na jambo linalomkosesha raha. Katika kijiji kimoja upande wa Kolo, kiangazi kikiwa kikali, pampu iliendelea kusukuma tenki likiwa limejaa. Maji yakamwagika mlimani lilipo tenki tangu asubuhi, kisima kikapungua, pampu ikavuta hewa mpaka ikaungua. Siku nne watu wakachimba mchanga wa korongo kutafuta maji. Lawama akabebeshwa Hamidu, mlinzi wa pampu. Alisema taa ya kisanduku ilionyesha pampu imezimwa, naye akaenda kutengeneza bomba la shuleni. Pampu yenyewe iko chini kisimani, haisikiki. Watu wakasema alilala. Kamati ya maji ikamnyang'anya ufunguo.

"Hamidu hasemi uongo, mama," Naima aliniambia. "Kosa ni langu. Ila sijui liko wapi."

Alikijaribu kile kisanduku mara mia, mara elfu. Kila mara kilifanya kazi vizuri. Wenzake wakamwambia aachane nacho, labda ni joto la jua tu. Hakuacha.

Sasa, mimi ndiye mtunza sufuria kubwa za umoja wetu wa akina mama kanisani. Jumamosi moja walikuja wawili, wote wanatafuta sufuria ya pilau. Niliwaruhusu waingie stoo waangalie pamoja. Lakini mmoja aliposema anaichukua, yule wa pili nikamtoa hata mkono wake uliokuwa kwenye mfuniko. Naima alikuwa mlangoni kwake.

"Mama, kwa nini umemkatalia hata kuigusa?"

Nikamweleza. Kuangalia, waangalie hata kumi. Kuchukua ni mmoja tu, na mpaka airudishe mkononi kwangu, hakuna wa kuisogelea. Akisharudisha, naye hana tena ruhusa ya kuipikia. Tulijifunza kwa aibu. Mwaka fulani mama wa harusi aliniomba mimi, mama mwingine, mwenye sherehe ya ubarikio wa mwanawe kanisani, akamwomba katibu wetu. Kila mmoja wetu alienda stoo kwa wakati wake, akaiona sufuria ipo, akasema ndiyo. Jumamosi ikafika, mchele wa ubarikio umeshaoshwa, sufuria iko harusini.

Naima akakaa kizingitini. "Rudia hapo, mama. Wote wawili mliiona ipo?"

"Na kweli ilikuwepo."

"Na wote mlisema ndiyo kwa nia njema."

"Kabisa, mwanangu."

Akanieleza kwa maneno yangu. Ndani ya kisanduku kuna watumishi wawili wanaofanya kazi kwa wakati mmoja. Mmoja anafuata saa, mwingine anaangalia tenki. Wote wanaandika kwenye kibao kimoja. Siku ile wa saa alisoma kibao, akaona hakujaandikwa "zima". Kabla hajaandika, wa tenki akaandika "zima", akawasha taa ya kuonyesha pampu imezimwa, akaondoka ameridhika. Wa saa, akiwa bado na alichokisoma kichwani, akaandika juu yake "washa". Lazima wakutane katika nukta ileile ya muda, ndiyo maana mara elfu hawakukutana.

Kurekebisha pale tu kulikuwa rahisi. Lakini wana visanduku katika vijiji vingine, na wengine wataandika baada yake. Yeye na wenzake walikuwa wameshaanza kubuni lugha yao wenyewe ya kuandikia programu hizo, basi Naima akaitia sheria ya sufuria. Wanaosoma wawe wengi. Anayebadilisha awe mmoja, ashike ufunguo wa kibao tangu anaposoma mpaka amalize kuandika. Aliyekwisha kurudisha asiguse tena. Na mtu hahitaji kuikumbuka sheria. Lugha hukagua yote yaliyoandikwa kabla hayajafika kwenye mashine, na ikiona watumishi wawili wanaandika kibao kimoja bila ufunguo, inakataa. Mimi nina daftari la sufuria na bado nasahau.

Baada ya wiki sita aliniita chumbani. Alikuwa ameiandika programu ya zamani kwa lugha mpya, na kosa lake lilelile, bila kurekebisha kitu. Lugha ikaikataa, ikaonyesha na mstari wenye kosa.

"Imenikatalia, mama," akasema, anacheka huku anafuta macho.

Tulikwenda pamoja kwenye mkutano wa kijiji kile cha upande wa Kolo. Naima akasimama na karatasi yake, kisanduku kipya mkononi.

"Hamidu hakulala. Taa ilimdanganya, na taa hiyo niliitengeneza mimi."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" akauliza mzee Zaidi, mwenyekiti wa kamati.

"Langu, mzee. Na hiki kisanduku kipya hakiwezi kulirudia."

Mzee Zaidi akatoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi Hamidu. Hamidu akaugeuza mkononi. "Ahsante, dada. Hata mke wangu alishaanza kuamini nililala." Watu wakacheka, mkewe akiwa wa kwanza.

Tangu hapo pampu inazimika tenki likijaa. Naima bado anagombana na kompyuta, ila siku hizi mara nyingi anatoka na kikombe cha chai, anakaa nasi. Nilipomwambia nataka kuandika habari zake, hakukataa.

"Ila nakuomba, mama," akasema, "ukifika kwa Hamidu, andika jina lake lote, Hamidu Adamu, na uandike kwamba hakulala."